Na Nani?

Ipo nchi iitwayo Imetokea. Haimo katika ramani yoyote, na ukiwauliza wenyeji kwa nini, watakujibu kwa upole, bila kinyongo, kwamba ramani zilichoreka hivyo.

Mwanakheri alifika huko akiwa mwanafunzi wa isimu, mwaka wa pili, mwenye imani kubwa na vitenzi. Chuoni walikuwa wakitunga kamusi, na yeye alikuwa amekabidhiwa kitenzi kimoja cha Kiingereza, kifupi na cha kawaida mno: break. Mwanzoni alidhani wamemwonea kwa kumpa kazi ndogo. Baada ya majuma machache alitambua kwamba wamemtupa baharini. Waingereza hulitumia neno hilo kwa kikombe na kwa ahadi, kwa sheria na kwa mfupa. Mapambazuko wanayaita hivyo, na sauti ya mvulana anayebalehe, na moyo wa aliyeachwa, hata saa ya chai wafanyakazi wanapopumzika. Alizitafutia maana hizo maneno ya nyumbani, akapata vunja, katika, pasuka, pambazuka, pumzika, asi, na meza yake ikajaa. Lakini jambo moja lilimnyima raha. Mtoto akikivunja kikombe, Mwingereza husema neno hilo. Kikombe kikivunjika, Mwingereza husema neno hilohilo. Kwake aliyevunja na kilichovunjika wanalala kitanda kimoja. Mwanakheri aliona hapo pana shimo, na akaapa kulifukia.

Alipopata habari kwamba Imetokea kuna visawe vingi vya neno hilo kuliko nchi nyingine yoyote duniani, akafunga safari. Njia yenyewe haina masimulizi. Kila aliyewahi kwenda huko husema hakuona alipopita, aliona amefika tu.

Alipokewa na Bwana Haidhuru, mwandishi wa Baraza la Visawe, mtu mrefu mwenye sauti laini na mazoea ya kutazama nyuma kabla ya kumaliza sentensi.

"Karibu, bibie. Umefikika salama?"

"Shikamoo. Nimefika salama."

"Marahaba. Sisi husema umefikika. Kufika ni kama kujigamba."

Mwanakheri alicheka, Haidhuru hakucheka.

Mahali pa kwanza alipompeleka ni uwanja mkuu wa mji, ambako chini ya kuba la kioo vimehifadhiwa vigae vya mtungi. Haidhuru akavua kofia na kumsimulia kilichoasisi taifa. Mtoto wa mfalme wa kwanza alirusha jiwe, likaupata mtungi wa maji wa ikulu. Mfalme akatoka, akauliza kwa ukali nani kauvunja. Mtoto akajibu, "Baba, umevunjika." Kofi lilikuwa tayari hewani, nalo likabaki hewani. Kwani mfalme alikuwa ametoka vitani, ambako vijiji vilichomwa na watu wakakatwa, na aliyechoma na kukata alikuwa yeye. Akalirudia lile neno taratibu, kama mtu anayeonja asali kwa ncha ya ulimi: umevunjika. Siku hiyo alilala usingizi ambao hakuwa ameuona tangu vita vianze, na alipoamka akatangaza sheria.

Sheria hiyo ina kifungu kimoja tu. Jambo jema litajwe pamoja na aliyelitenda; jambo baya litajwe lilivyotokea.

Kwa hiyo, katika mji ule, kila jengo lilikuwa na kibao cha dhahabu kinachosema Mheshimiwa amejenga, Mheshimiwa amezindua, Mheshimiwa ametoa. Chini ya dhahabu, kwa chaki, palisemwa mengine: dawa zimeisha, paa limeporomoka, hazina imelika. Barabara zilikuwa zimechimbika. Kura zilikuwa zimehesabika. Wali wa mkahawani ulikuwa umeungua, hilo hata kwetu husemwa. Lakini mpishi alipotakiwa kuomba radhi alishangaa, akauliza radhi hiyo inamhusu vipi. Na kwa kuwa sheria haitazami mipaka yake, ilikuwa imeingia hata katika mambo yasiyo na ubaya. Mwanamke hakuolewa, alioleka. Mtoto hakuzaliwa, alizalika. Mwanakheri alimuuliza msichana mmoja sokoni, muuza bamia, amezaliwa na nani.

"Ala! Mgeni huyu!" msichana akaangua kicheko huku akiwageukia wenzake. "Ati na nani! Nimezalika tu, dada, kama uyoga."

Si kweli kwamba Mwanakheri alichukizwa mapema. Mwanzoni alivutiwa. Aliona watu wasiogombana, wasionyoosheana vidole, na kwa siku kadhaa alidhani amegundua nchi iliyosamehe yote. Visawe navyo vilikuwa kama alivyoambiwa, tele: kukatika, kupasuka, kumeguka, kubomoka, kuporomoka, kuteguka, kubanduka, kumomonyoka, kuchanika, kunyofoka. Aliviandika kwa furaha ya mtu anayeokota embe chini ya miti isiyo na mwenyewe. Ilimchukua muda kung'amua kwamba vyote viliishia kwa silabi moja, ka.

"Mbona hamna kuvunjwa?" akamuuliza Haidhuru. "Kubomolewa? Kukatwa?"

"Tunayo," Haidhuru akasema. "Imefungika."

Akampeleka katika ukumbi wa Baraza. Kwenye ukuta wa mbele, ndani ya sanduku la kioo, juu ya mto wa mahameli, ilikaa herufi moja iliyochongwa kwa mpingo, kubwa kama sinia: W. Askari mmoja alisimama kando yake. Haidhuru akaeleza kwamba kauli ya kutendwa haikufutwa katika Imetokea, kwani taifa lao si la kishenzi. Inatunzwa. Anayeihitaji huomba kibali, Baraza likiridhika herufi hutoleka, naye hulitumia neno lake moja, kisha herufi hurudi kwenye mto.

"Imewahi kutolewa?"

"Mara moja. Mheshimiwa alipochaguliwa."

"Na nani?"

Haidhuru akatazama nyuma. "Unaona, bibie?" akasema kwa sauti ya chini. "Hilo swali ndilo mkia wa hiyo herufi. Ukiitoa, linatoka nalo. Ndiyo maana kuna askari."

Waliporudi walipitia mtoni. Daraja lilikuwa limebaki nguzo mbili na hewa katikati. Vyuma vyake, kama kila mtu alivyojua na hakuna aliyesema, vilikuwa vimeota miguu na kwenda kuwa geti la nyumba ya mtu mzito. Penye kingo palikuwa na kibao cha kuwatahadharisha wapitao. Neno la mwisho lilikuwa limepakwa chokaa na kuandikwa upya, lakini mvua ilikuwa imenyesha, na chini ya DARAJA LIMEVUNJIKA palianza kuonekana DARAJA LIMEVUNJWA, kwa mkono mzuri zaidi, wa mtu aliyeipenda kazi yake.

"Nani aliandika hili la chini?"

"Liliandikika na..." Haidhuru akajikwaa, kwani sarufi ya kwao haina mahali pa kuweka neno linalofuata. "Palikuwa na fundi wa mabango. Chande. Watu wakaanza kusimama hapa, wanasoma, wanatazamana. Wengine wakafungua midomo."

"Yuko wapi sasa?"

"Shingo yake imevunjika."

"Masikini! Alianguka?"

"Imevunjika, bibie," Haidhuru akasema, akatangulia njiani.

Mama yake Chande hakuhitaji kutafutwa. Alikuwa Bi. Siwema, na alikaa kwenye ngazi za Baraza tangu asubuhi hadi milango ifungwe, mahali ambapo hakuna mheshimiwa angeweza kupita bila kuinua kanzu au suruali ili asimguse. Alikuwa mwembamba, na hakuwa na machozi. Alikuwa na ulimi.

"Mheshimiwa, koti zuri," alimwambia mmoja aliyepita mbio. "Limefulika lenyewe, au mkeo hana mikono?" Kisha akamwona Haidhuru akijaribu kupita kwa upande wa nguzo. "Na wewe Haidhuru, njoo hapa usinikimbie. Mama yako alikuzaa. Hukuzalika. Mimi nilikuwepo, nilishika taa, na ulitoka unalia kama mtu mwenye haki zake."

"Shikamoo, Bi. Siwema," Haidhuru akasema, macho chini.

"Marahaba, baba. Na huyu binti?"

Mwanakheri akampigia goti, akajitambulisha. Bi. Siwema alimsogezea nafasi kwenye ngazi kama mtu anayemkaribisha mgeni sebuleni, akamweleza shauri lake bila kupamba. Mwanawe aliuawa mchana, sokoni, mbele ya wauza nazi. Askari walikuwa wanne. Mmoja alimshika nywele. Mwili ulikuwa katika nyumba ya barafu. Kwa desturi ya Imetokea hakuna maiti anayezikwa bila kibao cha kaburi kinachotaja kilichompata, na hakuna kibao kinachosimama kabla Baraza halijapitisha neno lake. Baraza lilikuwa limempa achague: shingo ilivunjika, ilikatika, iliteguka, ililegea. Lilikuwa limemwongezea hata ilichoka, kwa huruma.

"Na wewe unataka lipi?"

"Ilivunjwa."

"Ili waadhibiwe?"

Bi. Siwema alimtazama kama anavyotazamwa mtoto aliyeuliza bei ya mvua. "Sitaki kichwa cha mtu, mwanangu. Sitaki fidia. Nataka herufi ile. Kibao kikisema ilivunjwa, nitakaa pale kaburini na kungoja apite mtu mmoja, asome, aseme: na nani? Aseme tu. Nisiwe peke yangu ninayeuliza."

Mwanakheri alikuwa na kile ambacho vijana waliosoma huwa nacho badala ya jibu, yaani hakika. Alisimama akamwambia Haidhuru kwamba anaomba kusema mbele ya Baraza. Mtaalamu wa vitenzi, kutoka nje, asiye na upande: haiwezekani wasimsikilize. Haidhuru alimsihi asifanye hivyo. Alipoona hasikii, akaandika jina lake kwenye ajenda kwa mwandiko mdogo iwezekanavyo.

Kikao kilijaa. Kiti cha juu alikikalia Mheshimiwa Sikujua, mzee mnene mwenye uso wa ukarimu, aliyepewa jina hilo utotoni na akaishi kulithibitisha. Bi. Siwema aliketi chini, mbele kabisa. Mjadala ulianza kwa nidhamu kubwa. Mjumbe mmoja alitoa hoja kwamba shingo haivunjiki, kwa kuwa si kitu kikavu. Kikavu huvunjika, chenye maji hukatika, hivyo mama anaomba neno ambalo hata kimaumbile halifai. Mwingine alimpinga: muwa una maji na huvunjika. Wakajadili muwa. Walijadili muwa kwa muda mrefu na kwa elimu, wakataja aina zake, mwekundu na mweupe, hadi mmoja akasema kwa uchungu wa kweli kwamba bei ya sukari imepandika.

"Mwanangu si muwa," Bi. Siwema akasema.

"Mama, utulivu utunzike," Mheshimiwa Sikujua akamwambia kwa upole. Kisha akamgeukia Mwanakheri. "Tumepata bahati ya msomi. Binti, wewe umekuja kwetu na neno la Kiingereza. Tuambie: Waingereza, watu wa ndege na meli, aliyevunja wanamwitaje, na kilichovunjika wanakiitaje?"

Mwanakheri alisimama. "Wanatumia neno moja, Mheshimiwa."

Ukumbi ukaguna kwa kuridhika. "Neno moja!" akasema Mheshimiwa Sikujua, akifungua mikono. "Wao hawatofautishi, na dunia nzima inajifunza lugha yao. Sisi ni nani tutofautishe? Kuvunjwa na kuvunjika ni visawe. Ungekubali hivyo, bibie, nasi tungelifunga shauri hili kwa heshima yako."

Kila mtu alimtazama. Bi. Siwema peke yake hakumtazama. Alikuwa ametazama ile herufi ya mpingo.

"Sikubali," Mwanakheri akasema. "Waingereza nao wana njia yao ya kuuliza na nani, wakitaka. Sisi tumepewa zaidi: tumepewa silabi mbili tofauti, mtoto wa miaka mitatu anazijua. Kikivunjika, hakuna mtu. Kikivunjwa, mtu yupo, hata asipotajwa. Yupo mle ndani ya neno, amesimama, anangoja jina lake. Hivi si visawe, waheshimiwa. Kuviita visawe ni kumtoa mtu chumbani na kufunga mlango, kisha kusema chumba kilikuwa kitupu."

Hakuna aliyepiga kelele. Hilo ndilo lililomtisha baadaye alipokumbuka: hawakumkatiza, hawakukunja uso. Mheshimiwa Sikujua alimsikiliza hadi mwisho, akaitikia kwa kichwa mara kadhaa, na macho yake yalikuwa na unyevu.

"Amesema kweli," akatangaza. "Tumeelimika. Mimi binafsi nimeelimika. Kibali kitoleke. Mama apate neno lake."

Mwanakheri alishika mkono wa Bi. Siwema. Mkono ule ulikuwa baridi, lakini ulimjibu, ukambana. Haidhuru, kwenye meza yake, alikuwa ameacha kuandika. Askari akalifungua sanduku la kioo, akainama, mgongo wake ukaziba kila kitu. Ikasikika sauti kavu, fupi, kama ya kijiti cha kuwashia jiko. Akageuka. Katika kila mkono alikuwa na kipande.

"Imevunjika, Mheshimiwa," akasema.

Vilikuwa vipande sawasawa, V mbili nyeusi.

Ukumbi mzima ulikuwa umeona. Watu walikuwa wametazama mikono yake, mabega yake, jinsi yalivyokaza. Mwanakheri alingoja mtu mmoja aseme. Akawatazama uso kwa uso, safu kwa safu, na kila uso alioufikia ulikuwa na huzuni ya dhati, kama ya watu waliofika nyumba yenye msiba wa asiyewahusu.

"Imevunjika," Mheshimiwa Sikujua akakariri. "Ni masikitiko makubwa. Herufi itarudi kutumika pindi itakapotengenezeka. Hadi hapo kibali cha mama kipo, na kinaheshimika. Kikao kimefungika."

Bi. Siwema akacheka. Alicheka kweli, kicheko cha mtu aliyechezewa mchezo mzuri mno, akajipangusa macho kwa pembe ya kanga. "Mnaona?" akawaambia wajumbe waliokuwa wakimpita. "Binti mwenyewe kawafundisha, nanyi mmefaulu."

Baada ya hapo mambo hayakuchukua muda. Haidhuru alikuja nyumbani kwa Bi. Siwema, akasimama mlangoni, akasema kwamba umeme wa nyumba ya barafu umekatika. Mwanakheri alitaka kupiga ukelele. Bi. Siwema alikuwa anachambua mchele, na aliendelea hadi ungo ukawa safi.

"Nitamzika," akasema. "Waandike wanavyotaka. Mtoto hawezi kuoza kwa ajili ya sarufi."

"Mama, usikubali," Mwanakheri akasema. "Tutaandika rufaa. Nitakwenda mwenyewe..."

"Wewe umesema kweli yako, mwanangu, na umeisema vizuri. Sasa keti." Alimngoja aketi. "Kwetu mzazi ana ruhusa ya sentensi moja kaburini, kabla ya udongo. Moja tu. Sijui kusema zao. Nataka moja ya kwangu, yenye ile herufi. Lakini nikisema aliuawa watanishika kabla sijamaliza, na mwanangu atabaki juu ya ardhi. Wewe msomi. Hakuna neno la kutendwa ambalo haliwezi kumkera mtu? Lenye herufi ndani, lakini lisilo na ubaya?"

Mwanakheri alifikiri. Maneno yote aliyokuwa ameyakusanya katika nchi ile yalimpita kichwani, yote yakiwa na mkia mmoja, na hakuna hata moja lililofaa. Kisha likaja moja ambalo hakuwa amelisikia tangu afike.

"Lipo," akasema, na akamwambia.

Bi. Siwema alilijaribu mdomoni bila sauti. Midomo yake ilikutana, ikaachana.

Walimzika Chande alasiri. Walikuja wachache: wachimba kaburi, mke wa jirani, askari wawili waliosimama kwa adabu chini ya kivuli, na Haidhuru, ambaye sheria ilimtaka ashuhudie kibao. Kibao kilisema CHANDE, SHINGO ILIVUNJIKA, kwa mwandiko mbovu, kwani fundi pekee wa maana alikuwa ndiye anayezikwa. Mwili ukateremshwa. Bi. Siwema akasogea ukingoni, akakaza kanga kiunoni.

"Alipendwa," akasema.

Neno lile lilianguka mahali ambapo halikuwa limeanguka kwa vizazi vingi. Wachimba kaburi waliinua vichwa. Mke wa jirani alijiziba mdomo. Halikuwa na kosa. Hakuna aliyeweza kulitaja kosa lake. Lakini lilikuwa limebeba mkia wake, na mkia ule ulikuwa umening'inia hewani, unangoja, na ukimya ukawa mzito kuliko alivyoweza kuuhimili mtu mmoja aliyezaliwa kwa mwanga wa taa iliyoshikwa na mwanamke huyu.

"Na nani?" Haidhuru akauliza.

Alisema kwa sauti ndogo, kama mtu anayezungumza usingizini. Kisha akaelewa alichosema, uso wake ukawa wa kijivu.

"Na mimi," Bi. Siwema akamjibu. Alimwangalia kwa upendo mkubwa. "Ahsante, baba."

Askari hawakusogea. Mmoja wao tu aliangalia saa.

Asubuhi iliyofuata Mwanakheri alikwenda kwenye ngazi za Baraza. Zilikuwa zimetoka kuoshwa, bado zina maji, na Bi. Siwema hakuwepo. Ndani, kwenye meza ya mwandishi, alimkuta kijana mchangamfu aliyesimama kumlaki.

"Karibu, bibie. Bwana Haidhuru amestaafika."

Kwa Bi. Siwema mlango ulikuwa na komeo la nje. Mchele uliochambuliwa ulikuwa bado kwenye ungo, unaonekana kupitia dirishani, na kuku wa jirani alikuwa ameshaugundua. Mwanakheri aligonga nyumba hadi nyumba. Mke wa jirani alifungua kidogo, akasema, "Amehamika, mwanangu," akafunga. Muuza bamia, yule aliyezalika kama uyoga, alijifanya anapanga bidhaa zake. Mwanakheri alisimama katikati ya soko akauliza kwa sauti kubwa: amechukuliwa na nani? Watu walimpisha njia kwa heshima, kama wanavyompisha mgonjwa. Alipouliza mara ya tatu, aligundua kwamba askari wawili walikuwa wanamfuata kwa mwendo uleule wa adabu, na mmoja wao alikuwa ameshika begi lake.

Geti la nchi ile ni dogo. Ofisa wake alikuwa kijana kama yeye, nadhifu, mwenye tabasamu. Alikuwa ameshika pasi ya Mwanakheri, hajaigonga muhuri.

"Umekaa nasi vizuri, bibie? Kazi yako imekamilika?"

"Imekamilika."

"Ulifahamiana na watu?"

"Na Bi. Siwema," Mwanakheri akasema.

"Aa. Na Bi. Siwema yuko wapi?"

Aliuliza bila kuinua macho, muhuri ukiwa hewani. Nyuma yake geti lilikuwa wazi, na ng'ambo ya geti lilionekana jua la kawaida la nchi ambazo zimo katika ramani. Nyuma ya Mwanakheri askari waliweka begi chini.

Alilijua neno lenye ile herufi. Alikuwa amelitetea mbele ya Baraza, alikuwa amempa mwanamke mwingine neno lililo ndugu yake alitamke, na mwanamke yule alilitamka. Alijua hata jinsi linavyoundwa: herufi ile haitoki kooni wala menoni, hutaka midomo miwili isogeleane, basi. Aliifikiria midomo ya Bi. Siwema. Akaingoja ya kwake isogeleane. Ile silabi nyingine haihitaji midomo. Hutoka nyuma ya koo, mahali ambapo mtu humeza.

"Ametoweka," akasema.

Ofisa akagonga muhuri, akamrudishia pasi kwa mikono miwili. "Pole sana. Karibu tena Imetokea."

Mwanakheri alivuka. Alipofika ng'ambo alisimama, akageuka, akaijaribu midomo yake, nayo ilifanya kazi. Lakini geti lilikuwa limefungika, na neno lilikuwa limekwisha kutamkika.